Milimita Zilizopotea Kwenye Klachi

"Kanyaga."

"Nimekanyaga."

"Shikilia hapo hapo."

Nikalegeza nipo, ile skrubu ndogo ya kutolea upepo, kwa spana namba 10. Mafuta yakatoka kwenye mpira mwembamba yakiwa meusi tititi, vikafuata viputo viwili, kisha mafuta matupu. Nikakaza. "Achia." Mpwa wangu akaachia pedeli, nami nikasikia springi ikirudi juu. Asubuhi hiyo tulikuwa tumerudia maneno hayo mara arobaini hivi, mimi nimelala chali chini ya pikapu, yeye ameketi nyuma ya usukani. Ilikuwa mara ya tatu tunatoa upepo kwenye klachi ndani ya wiki tatu.

Nilipotoka chini nikajifuta mikono, nikawasha injini, nikakanyaga klachi mpaka mwisho, nikaingiza rivasi.

Kelele ile ile ya chuma kusaga chuma.

Pikapu hii ni ya 1986, na imenibeba miaka mingi kiasi kwamba siwezi kuisikia ikisaga gia nikakaa kimya. Kazi imeshakwisha sasa. Lakini kuna jambo limenikaa kichwani wiki zote hizi, nikiendesha, nikioga, hata nikiwa nazungumza na watu mambo mengine kabisa. Muda wote ule nilikuwa namtafuta mwizi mmoja. Nilikuwa nimeamua kabla sijafungua bolti hata moja kwamba mwizi ni mmoja, na uamuzi huo ndio ulionichelewesha kuliko kutu, kuliko vifaa, kuliko kitu kingine chochote.

Kuteleza na kutoachia

Fundi mmoja ninayemheshimu aliisikiliza kwa dakika mbili akasema nishushe gia boksi, nibadilishe diski, presha pleti na beringi kwa pamoja. Ameshusha gia boksi nyingi kuliko nitakazoshusha mimi maisha yangu yote. Nilimshukuru, nikaondoka, na usiku ule sikulala vizuri.

Klachi inayoteleza unaijua: injini inapiga mbio, gari halifuati. Yangu haikuwa hivyo. Ilivuta mlima na mzigo bila shida. Tatizo lake lilikuwa kinyume chake, haikuachia. Unakanyaga mpaka chini lakini diski ya klachi bado inagusana na flaiwili, lile gurudumu zito linalozungushwa na injini, shafti ya gia boksi inaendelea kuzunguka, na gia inakataa kuingia. Rivasi ndiyo hulalamika kwanza, kwa sababu kwenye magari mengi ya zamani haina sinkronaiza ya kuilainishia njia. Ukizima injini, inaingia bila neno.

Na kulikuwa na dalili moja niliyoishikilia kwa nguvu zote: nikikanyaga pedeli mara mbili haraka haraka, rivasi ilikuwa inaingia.

Diski mbovu haiponi kwa kukanyagwa mara mbili. Kinachopona hivyo ni mfumo wa mafuta, maana kila ukikanyaga unaongeza kidogo juu ya kilichokwisha kusukumwa. Hilo nililijua. Lakini kulijua jambo na kulisimamia mbele ya mtu anayekuzidi uzoefu ni mambo mawili, na usiku ule nilijiuliza mara nyingi kama nafuata dalili au nakwepa tu kushusha gia boksi.

Kijiko kimoja cha chai

Nilichukua kalamu.

Masta ya juu, ile silinda ya mafuta iliyo nyuma ya pedeli, ina tundu la milimita 15.87. Masta ya chini, iliyofungwa pembeni mwa gia boksi, ina milimita 20.64. Kwa vipimo vya kale ni 5/8 na 13/16 ya inchi. Mfaransa Blaise Pascal ndiye aliyeeleza kwamba ukikiminya kimiminika kilichofungiwa, msukumo unasambaa kote kwa usawa. Maandishi yake yalichapishwa 1663, mwaka mmoja baada ya yeye kufariki. Kwa hiyo pistoni ya chini, ambayo eneo lake ni kubwa mara 1.69, inasukuma kwa nguvu mara 1.69. Malipo yake ni safari: pistoni ya juu ikienda milimita 25, ya chini inakwenda 14.8 tu.

Halafu nikapiga hesabu ya ujazo. Milimita 25 za safari kwenye tundu lile ni mililita 5.

Kijiko kimoja cha chai. Kazi yote ya klachi, kutenganisha injini na magurudumu, inabebwa na kijiko kimoja cha chai cha mafuta.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini upepo ni adui mkubwa namna ile. Mafuta hayaminyiki kwa kiasi cha kuhesabika, hewa inaminyika. Mililita moja ya hewa iliyojificha kwenye kona ya paipu ikibanwa inasinyaa karibu yote, na sehemu ya tano ya kijiko chako imekwenda. Kwenye breki, tundu kubwa na mafuta mengi vinakupa nafasi ya kukosea. Kwenye klachi nafasi hiyo ni finyu mno.

Hesabu ile ilinipa nguvu, na pia ilinipoteza. Ilinifanya niamini kwamba kinachoibwa lazima kiwe kimeibwa na hewa.

Aliyekuwa juu ya pedeli

Turudi kwenye ile mara ya tatu. Nilipozima injini kwa hasira, mpwa wangu alikuwa bado amesimama kando ya mlango.

"Mjomba," akasema, "mbona ukiniambia nishikilie, inaendelea kushuka yenyewe?"

"Inashuka vipi?"

"Polepole. Hata juzi ilikuwa inashuka. Nilidhani ndivyo inavyotakiwa."

Nilikaa kwenye kiti, nikakanyaga nikiwa na nipo imefungwa, nikashikilia kwa nguvu ile ile. Pedeli ikazama chini ya kiatu changu taratibu, kama mtu anayekaa kwenye mchanga laini, mpaka ikagusa sakafu. Hakukuwa na tone lililomwagika popote.

Wiki tatu mguu wake ulikuwa unapokea habari ambayo mimi chini ya gari nisingeweza kuipata, na sikuwahi kumuuliza. Nilikuwa nampa amri tatu tu: kanyaga, shikilia, achia. Naye ni kijana mwenye adabu, hamkatizi mjomba wake.

Pedeli inayozama bila kuvuja nje maana yake mafuta yanarudi ndani kwa ndani. Raba ya pistoni ya masta ya juu haizuii tena, mafuta yanapenya pembeni yake na kurudi upande wa kikopo cha akiba ya mafuta.

Masta ya juu

Niliing'oa siku ile ile. Kabla ya hapo nililoanisha maji kitambaa kikubwa nikafunika rangi yote iliyo chini, maana mafuta ya breki yanabandua rangi ukiyaacha dakika chache, na maji ndiyo yanayoyaondoa.

Ukitoa ile raba ya vumbi unaona loki ya duara imekaa kwenye mfereji wake. Ukiibana kwa koleo yenye ncha inachomoka, na springi iliyo ndani inasukuma washa na pistoni kuja kwako yenyewe. Raba ya kwanza ilitoka pamoja na uji mweusi. Niliishika kwenye mwanga. Mdomo wake, ambao unatakiwa kuwa mkali na umechanuka kidogo ili mafuta yakisukumwa yaubandike ukutani, ulikuwa umekuwa mviringo na umelala. Weusi wote ule niliokuwa nautoa kupitia nipo kwa wiki tatu ulikuwa ndio raba hii, imesagika kidogo kidogo.

Nikasafisha tundu kwa spiriti. Petroli na dizeli haziruhusiwi kukaribia hapa, zinazivimbisha raba hizi na kuziharibu. Nikamulika ndani kwa tochi. Kuta ziling'aa pande zote isipokuwa upande wa chini, ambako kulikuwa na doa la rangi ya kijivu lenye ukubwa wa mbegu ya ufuta.

Doa hilo lina historia. Mafuta ya breki ya madaraja ya DOT 3 na DOT 4, ambayo ndiyo ya klachi pia, hunyonya unyevu wa hewa mwaka baada ya mwaka. DOT 3 mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi; ikishanywa maji kwa asilimia 3.7, kiwango hicho kinashuka hadi 140. Kwenye klachi kuchemka si tatizo la kila siku, lakini maji yale yanatulia sehemu ya chini ya tundu gari likiwa limesimama, na hapo yanakula chuma. Nani hubadilisha mafuta ya klachi? Sikuwahi kuyabadilisha hata mara moja. Nilikuwa naongeza tu.

Nilipitisha bisibisi nyembamba juu ya doa. Ncha ikakwama.

Nilijua maana yake. Shimo linalokwamisha ncha litakwamisha mdomo wa raba pia. Lakini masta ile ilikuwa ya tangu kiwandani, na nilikuwa na seti ya raba mpya mkononi. Nilizungusha msasa laini sana, nikaupitisha mpaka doa likawa kama limefifia, nikapaka raba mafuta mapya ya breki, nikaziingiza midomo ikitazama upande wa msukumo, nikafunga loki. Pedeli ikasimama juu, imara. Rivasi ikaingia kimya. Nilifurahi sana jioni ile.

Siku ya 11 nikakuta zulia chini ya pedeli limelowa.

Raba mpya ilikuwa imechanika mdomo mahali pale pale. Nilinunua masta mpya nzima, na ile ya zamani ninayo bado kwenye rafu, nimeikata katikati kwa msumeno ili lile shimo lionekane.

Milimita moja niliyoikopa

Hapa naeleza kosa ambalo nusura liiue klachi yenyewe.

Baada ya kufunga masta mpya na kutoa upepo, rivasi iliingia lakini kwa shingo upande. Kwenye pedeli kuna rodi inayosukuma pistoni, na rodi hiyo ina nati ya kurefushia. Nikawaza: nikiirefusha kidogo, pistoni itaanza safari mapema, nitapata milimita zaidi chini. Nikairefusha mpaka uchezaji wote, ule ulegevu kati ya rodi na pistoni, ukaisha. Pedeli ikawa nzuri ajabu, inashika juu kabisa.

Kilomita kama kumi baadaye, nikiwa kwenye mlima, injini ikapiga mbio na gari likabaki nyuma. Klachi ambayo haijawahi kuteleza ilikuwa inateleza.

Ndani ya masta ya juu, mbele kidogo tu ya mahali pistoni inapopumzika, kuna kitundu kidogo kinachounganisha silinda na kikopo. Pistoni ikirudi nyuma kabisa kitundu kinafunguka, na mafuta yaliyopanuka kwa joto yanapata pa kwenda. Rodi yangu ilikuwa imeizuia pistoni isirudi. Kitundu kikabaki kimezibwa, mafuta yakapata joto, yakapanuka, yakasukuma masta ya chini bila mimi kukanyaga kitu.

Nilisimama pembeni, nikazima, nikafungua nipo kidogo. Mafuta yakaruka kwa nguvu, na klachi ikarudi kushika. Tangu siku hiyo kwenye rodi ile naacha milimita moja ya uchezaji, naihisi kwa vidole, nakaza nati ya pili juu yake. Milimita hiyo si hasara. Ndiyo pumzi ya mfumo mzima.

Nipo iwe juu

Masta ya chini haikunisumbua kuifungua. Raba zake zilikuwa za kuridhisha, tundu safi, nikabadilisha raba hata hivyo. Kilichonisumbua ni jinsi ilivyolala. Ikiwa imefungwa mahali pake inainama kidogo, na sehemu ya juu kabisa ya silinda haiko kwenye nipo, iko pembeni kidogo. Hewa haijui kwamba nipo ndiyo mlango. Inapanda juu na kukaa hapo, na unaweza kukanyaga pedeli mpaka jua lizame, mafuta yatapita chini yake bila kuigusa.

Kwa hiyo niliifungua bolti zake mbili bila kukata hosi, nikaibana pistoni kwa kibanio isiruke nje, nikaisimamisha nipo ikitazama mbinguni, tukatoa upepo hivyo. Viputo vilivyotoka vilikuwa vikubwa kuliko vyote vya wiki zile tatu. Kisha nikaisukuma pistoni ndani kwa kidole gumba, polepole sana, na mpwa wangu aliyekuwa anachungulia kwenye kikopo akahesabu vingine vinne vikiibukia huko juu.

Jambo moja dogo kwa atakayejaribu: kikopo kisikauke katikati ya kazi. Kikikauka mara moja, umerudi mwanzo.

Rula

Baada ya hayo yote gari lilikuwa linaendeshwa. Asubuhi rivasi iliingia vizuri. Mchana, injini ikiwa imepata joto, kelele ilirudi, si kubwa kama mwanzo, lakini ilikuwapo.

Na hapa ndipo nilipokaribia kumpigia yule fundi simu na kumwambia alikuwa sahihi, tushushe gia boksi.

Kilichonizuia ni kwamba sikuwa nimepima kitu. Wiki zote zile nilikuwa nasema "pedeli laini", "pedeli nzuri", "inaingia kidogo". Maneno hayo hayana namba ndani yake. Nikachukua rula ya chuma, nikalala chini, nikaiweka kando ya rodi ya masta ya chini, nikamwomba mpwa wangu akanyage mpaka mwisho.

Milimita 11.

Kwa hesabu zangu zilitakiwa 14.8. Karibu milimita nne hazipo. Nikapanda juu, nikapima safari ya rodi kwenye masta ya juu. Ilitakiwa 25. Nikapata 22.

Nilirudia mara tatu, ni 22. Maana yake milimita tatu zilikuwa zinapotea kabla hata mafuta hayajaguswa. Gawanya 22 kwa 1.69 unapata 13. Chini zilikuwa zinafika 11. Kwa hiyo nyingine mbili zilipotea njiani, kwenye mafuta.

Nilibaki nimekaa sakafuni na ile rula mkononi muda mrefu. Wezi walikuwa wawili, na hakuna hata mmoja niliyekuwa namtafuta.

Wa njiani alipatikana kwa mkono. Kati ya paipu ya chuma na masta ya chini kuna hosi ya mpira, ndefu kama kutoka kiwiko hadi kifundo cha mkono. Niliifumbata kwa kiganja, mpwa wangu akakanyaga. Ikavimba. Niliisikia ikijaa mkononi, na alipoachia ikanywea, kama mshipa wa shingo wa mtu anayenyanyua mzigo. Nikaibana kwa kibanio chenye midomo ya duara upande wa juu wake, karibu na paipu ya chuma: pedeli ikawa ngumu kama jiwe. Nikaibana upande wa chini, karibu na masta: laini. Ugonjwa ulikuwa kati ya alama hizo mbili, ndani ya mpira wenyewe. Mpira ukipata joto unalegea zaidi, na bomba la moshi linapita jirani. Ndiyo maana mchana.

Hosi mpya ikafungwa, upepo ukatolewa, rula ikawekwa. 13.

Tundu la pini

Mwizi wa juu alikuwa pini inayounganisha pedeli na uma wa rodi. Niliichomoa nikitegemea kuona pini ya mviringo ya milimita nane. Ilikuwa na mfereji katikati, imeliwa na miaka yote ile ya kukanyagwa, na tundu lake kwenye mkono wa pedeli lilikuwa limekuwa na umbo la yai. Mkono ule wa pedeli ni wenzo: mguu unasafiri kama mara tano ya kile kinachofika kwenye rodi. Milimita mbili na nusu za ulegevu kwenye pini zilikuwa zaidi ya sentimita nzima chini ya kiatu changu.

Sentimita nzima ya pedeli isiyosukuma kitu, na nilikuwa nimeizoea. Nilikuwa nawaambia watu ndivyo pedeli za magari ya zamani zilivyo.

Hili linaniuma kuliko ile masta iliyovuja. Raba iliyokatika unaweza usiijue mpaka ufungue. Pini hii nilikuwa naikanyaga kila siku.

Fundi wa kuchomelea alijaza tundu, akalitoboa upya kwa keekee ya milimita nane, nikaweka pini mpya na grisi. Rodi ya juu sasa inakwenda milimita 24 na nusu. Ya chini, 14 na nusu.

Gia boksi haijashushwa. Rivasi inaingia asubuhi, mchana, na baada ya foleni ndefu, bila kukanyaga mara mbili. Nimeandika "14.5" kwa chaki upande wa ndani wa boneti, pamoja na tarehe.

Jumapili iliyopita tulipima tena. Safari hii mpwa wangu ndiye aliyelala chini na rula, mimi nikakanyaga.

"Mjomba, shikilia hapo hapo." Akakaa kimya kidogo. "Haishuki?"

"Haishuki. Inasema ngapi?"

"Kumi na nne. Au na robo. Ngoja niisogeze rula... kumi na nne na robo."

Robo ya milimita inaweza kuwa jicho lake, au rula ilivyolala. Nimeiandika chini ya ile ya kwanza, na mwisho wa mwezi tutapima tena.